Chumba cha Upande wa Asubuhi

3 Februari

Breki,

Umenikatia simu. Si mara ya kwanza, lakini ya juzi umenikata katikati ya neno, nikabaki nimeshika simu sikioni kama mjinga mbele ya wafanyakazi wangu, mashine za kufulia zinanguruma na wote wananitazama. Mkuu wa madobi wa hoteli nzima, kanyamazishwa na mdogo wake! Basi nakuandikia. Barua huwezi kuikata, na hata ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Nilikuwa nasema hivi. Nyumba ya Mama imepasuka kutoka msingi hadi dari, siku hizi mtu anaweza kupitisha mkono ukutani akamsalimia jirani. Mvua zikiikuta bado imesimama tutakuja kumfukua Mama chini ya matofali. Tumekubaliana ivunjwe. Tumekubaliana Mama akae kwa muda kwenye vile vyumba vya kupanga nyuma ya duka la fundi cherehani. Tumekubaliana pia ijengwe nyumba ya kuunganisha, ile ambayo kuta zinatoka kiwandani tayari pamoja na milango na madirisha yake, zinakuja kwa lori, zinafungwa kwa bolti juu ya sakafu, na mtu anahamia kabla hajachoka kusubiri. Tumegombana kwa kitu kimoja tu: nani ajenge.

Mimi nimechagua Kampuni. Wana ofisi, wana nyumba ya maonyesho, wana dhamana. Bwana Tai, yule anayeshughulika na wateja, hajawahi kunijibu bila kunisalimia vizuri kwanza. Wewe unaniletea Fundi Mluzi! Mtu mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, penseli sikioni, anapiga mluzi kuanzia asubuhi mpaka jioni kama anachunga mbuzi. Hivi nyumba ya Mama ni banda la kuku?

Na swali langu bado hujalijibu. Mama Mdogo atalala wapi? Kwenye mchoro wa fundi wako nimeona chumba cha Mama, halafu nimeona vyumba viwili visivyo na jina. Vya nani? Mama Mdogo amekaa na Mama tangu Baba alipofariki. Macho ya Mama yalipokwisha, yeye ndiye anayemsomea, anayemwandikia, anayemwambia huyu aliyepiga hodi ni nani. Usijitie hamnazo. Nataka jibu.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ndani ya gari, mwanafunzi wangu akiwa anajifunza kurudi nyuma. Amegonga pipa la taka la watu. Hilo pipa utalilipa wewe.

Nilikata simu kwa sababu uliniambia, "Wewe tia saini tu." Mimi nina mke na watoto, nafundisha watu wazima kuendesha gari bila kuuana, lakini kwako bado ni yule wa kutumwa dukani na kuhesabiwa chenji akirudi.

Kwa Kampuni nimekwenda, usifikiri naongea hewani. Nyumba ya maonyesho ina zulia, ina maua ya plastiki, ina matunda ya plastiki kwenye bakuli. Nilifungua bomba la jikoni, halikutoa hata upepo. Nikamuuliza Bwana Tai kama kuna mtu amewahi kupika humu, akacheka. Nikamwomba nimwagie maji kwenye maungio ya kuta nione kama yanaingia ndani, maana nyumba za namna hii hufia kwenye maungio, akasema hilo haliruhusiwi. Kwa nini lisiruhusiwe kama kuna dhamana?

Kwa Fundi Mluzi nilipewa mpira wa maji nikaambiwa mwaga unavyotaka. Nilimwaga mpaka viatu vikajaa. Kisha nikaingia ndani nikapitisha kiganja kwenye kona zote, nikakuta pakavu. Kuta zake anazikata mwenyewe na raba za maungio anazipachika mwenyewe. Hana tai, ni kweli. Mvua haiulizi tai.

Hivyo vyumba viwili ni vyangu na watoto. Ndiyo, nahamia kwa Mama. Mke wangu amekubali. Ulitaka nani amwangalie, Bwana Tai?

Mama Mdogo ni mtu asiye na makuu. Sebule itakuwa pana, na kuna makochi siku hizi yanafunguka yanakuwa kitanda. Au aende kwa mtoto wa mjomba, kule wana nafasi na wamekuwa wakimwita. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Dada. Mchoro wako nimeuona, Bwana Tai ameubandika ukutani. Chumba cha Mama. Chumba cha "mgeni", ambaye ni wewe. Halafu chumba cha mhudumu wa kuajiriwa. Mhudumu! Umemtandikia kitanda mtu ambaye hata hujamwona sura, na Mama Mdogo hujamwekea hata kigoda. Sasa ni mimi au ni wewe unayejitia hamnazo?

Mdogo wako,
Breki


19 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini miguu haikusumbui sana na kwamba vyumba vya nyuma ya fundi cherehani havina joto. Mimi ni mzima, kazi ni zilezile, shuka na taulo za watu.

Nakutumia mchoro wa nyumba yako mpya kutoka Kampuni. Kila kitu kiko chini, hakuna ngazi, na bafu lina chuma cha kushikilia. Nimewaambia swichi zote ziwe upande mmoja wa mlango ili mkono uzizoee. Kutakuwa na mtu wa kukuhudumia mchana na usiku, aliyesomea kazi hiyo. Nami nikija nitakuwa na pa kulala, na si siku nyingi nitakuja moja kwa moja, nimechoka huku.

Kuhusu Mama Mdogo, usiwe na wasiwasi. Amehangaika vya kutosha, sasa naye apumzike. Kwa mtoto wa mjomba kuna nafasi na nitawapigia simu mwenyewe.

Mama, mchoro ukishapita kiwandani ndio basi, kuta zikishatengenezwa haziongezwi kitu. Kwa hiyo nakuomba uniambie mapema kama umeridhika, na usimsikilize sana Breki.

Mwanao mkubwa


22 Februari

Mama,

Shikamoo. Nitakuja Jumapili gari likipona, wanafunzi wameniulia klachi.

Mchoro wa Fundi Mluzi huu hapa. Kuta nimezipima kwa maji, hazivuji. Chumba chako ndicho kilicho karibu na jikoni, utafika kwa hatua chache bila kushika mkono wa mtu. Wajukuu zako watakuwa hapohapo. Hutasikia tena ukimya ule unaoulalamikia.

Mama Mdogo atapata pa kukaa, tunalizungumza, lisikusumbue. Kuna kwa mtoto wa mjomba, wamekuwa wakimwita, kuna sebule, tutaona.

Niambie tu umekubali, nimwambie fundi aanze kukata. Dada akikuambia habari za dhamana mwambie dhamana haizibi tundu.

Mwanao,
Breki


2 Machi

Wanangu wote wawili,

Nawasalimu. Anayeandika ni mama yenu mdogo kama kawaida, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike nakala mbili zilizo sawa, kila mmoja apate yake, asije mtu akasema mwenzake amependelewa. Nawajua.

Nyumba yetu imevunjwa wiki iliyopita. Niliwekewa kiti ng'ambo ya barabara nikasikiliza. Mlikuwa mbali wote wawili, na ilikuwa afadhali, maana nilitukana kidogo.

Mdogo wangu amenisomea barua zenu na michoro yenu, ya kwako mkubwa na ya kwako Breki. Amenichorea kwa kidole kiganjani, huku mlango, huku dirisha, huku jiko. Vyote nimevielewa na vyote ni vizuri. Nilimuuliza, "Na chako wewe kiko wapi?" Akaniambia kipo, upande wa jua la asubuhi. Nilifurahi sana. Yeye huamka mapema na mifupa yake inapenda jua. Mlimkumbuka bila mimi kuwaambia, Mungu awazidishie.

Basi kwangu mimi mjenzi yeyote ni sawa. Patanani ninyi wenyewe mniambie. Mimi na mdogo wangu tunachotaka ni kutoka kwenye hivi vyumba, cherehani za huyu bwana hazinyamazi.

Mama yenu


10 Machi

Breki,

Kumbe ndiyo michezo yako. Nimesoma barua ya Mama mara ngapi sijui, mpaka msaidizi wangu akaniuliza kuna msiba gani.

Chumba cha Mama Mdogo, upande wa jua la asubuhi! Kwenye mchoro wangu hakuna chumba hicho, na mimi najua hakuna. Basi kiko kwako. Umeniandikia mimi habari za makochi yanayofunguka, halafu ukageuka nyuma yangu ukaenda kumwambia Mama umemwekea dada yake chumba chenye jua, ili akuone wewe mtoto mwema na mimi nionekane niliyemleta mtu baki nyumbani. Umemnunua Mama kwa chumba. Na nakujua vizuri, nikija kuangalia nitakuta ni stoo ya matairi.

Ulinicheka kwa sababu ya mhudumu. Nilimweka mhudumu kwa sababu Mama Mdogo naye ni mzee, siku moja ataanguka na nani atamwinua? Ulifikiria hilo ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha mwalimu, mguu juu ya breki ya pili? Hukufikiria. Ulifikiria chumba chako na mkeo.

Mwambie Mama ukweli, au nitamwambia mimi.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya umri, si kwa sababu nyingine.

Unanigeuzia kibao mchana kweupe! Mimi kwenye mchoro wangu hakuna chumba cha Mama Mdogo. Upande wa asubuhi kuna chumba changu mimi, madirisha mawili. Nilipoisoma barua ya Mama nikasema mara moja, huyu ni Dada. Amemwambia Bwana Tai achore mchoro mwingine kimyakimya, amefuta mhudumu akaandika Mama Mdogo, hajanieleza, sasa Mama anaomba dua kwa furaha na mimi ndiye mwana mkorofi. Halafu unaniandikia mimi kwamba nimemnunua Mama! Una ujasiri, lazima niseme.

Wewe ni bingwa wa kuja kumaliza mambo yakiwa yameshafanywa na wengine. Baba alipougua nilimbeba mimi kwa mgongo huu. Ulikuja siku ya mwisho na shuka nyeupe za hoteli, na mpaka leo watu wanasifu shuka.

Mke wangu ananiuliza tunahamia lini, nimemjibu kwa ukali wakati hana kosa. Watoto wananikwepa. Jana nimemfokea mwanafunzi mpaka akashuka akaacha gari katikati ya makutano. Ni kwa ajili yako.

Sasa sikiliza. Mimi sitasubiri Mama apendezwe na uongo wako mpaka mvua zije. Nimemwambia Fundi Mluzi akate kuta, na ameanza. Sakafu inamwagwa wiki hii.

Breki


24 Machi

Breki,

Sakafu uliyomwaga nashukuru, tutaitumia. Bwana Tai amesema vipimo vinalingana.

Na mimi nimeagiza. Nimetia saini. Kuta zimetoka kiwandani na lori litafika Jumamosi ya kwanza ya Aprili, asubuhi. Mama alisema mjenzi yeyote ni sawa, basi ni wangu. Mwambie fundi wako apigie mluzi kuta zake hukohuko karakana.

Sikutaka tufike hapa. Nataka ujue hilo. Lakini hakuna mtu anayenitia kidole jichoni halafu nikamwambia asante.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Mimi nilimwambia fundi alete Ijumaa. Ndiyo, kwa sababu ya barua yako. Nilitaka lori lako likute kuta zimesimama.

Na lilizikuta. Fundi na watu wake walifanya kazi Ijumaa nzima, na Jumamosi asubuhi walikuwa wanakaza bolti za mwisho za kuta za ndani, bado paa. Ndipo lori la Kampuni likaingia mtaani. Ule mtaa unaujua, gari moja likisimama bata hapiti. Lori la fundi lilikuwa bado lipo. Bwana Tai akashuka na karatasi zake, tai imeingia ndani ya shati, akaniambia nimevamia kiwanja cha mteja wake. Nikamwambia mteja wake ni dada yangu na kiwanja ni cha mama yangu, na akitaka nimwoneshe kuvamia nitamwonesha. Watu wa lori wakaanza kusukumana. Majirani walitoa viti nje, Dada. Walikaa kabisa. Mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani bibi anajengewa nyumba ngapi?" wakacheka mtaa mzima, na mimi nilikuwa nimemshika mtu shingoni.

Katikati ya hayo Mama akaja, Mama Mdogo amemshika mkono. Hakuuliza kelele ni za nini. Alikuwa amevaa ile nguo yake ya heshima. Akasema anataka kuiona nyumba yake, na unajua yeye anaona kwa mikono. Nikasahau kugombana, nikampisha. Nilikuwa najivuna, sikufichi.

Akamwacha Mama Mdogo pale mlangoni, akaingia peke yake. Akawa anapapasa ukuta taratibu. Akafika chumba chake akasema, "Hiki changu." Akaenda jikoni, akarudi. Akafika mlango wa pili, nikamwambia hapa ni mimi na mke wangu. Akafika wa tatu, nikamwambia watoto. Akaendelea. Akapapasa ukuta wote mpaka kona ya mwisho, akarudi nao tena akipapasa juu, akipapasa chini, kama mtu aliyeangusha pete. Mashine ya fundi ikanyamaza. Nikasikia fundi anamuuliza, "Mama, unatafuta nini?"

Akasema, "Mlango wa mdogo wangu."

Akatoka akaenda mwenyewe mpaka kwenye lori lako, mikono mbele, akamuuliza Bwana Tai, "Na humo je, kwenye nyumba ya binti yangu, chumba cha mdogo wangu ni kipi?" Bwana Tai akafungua karatasi. Akatafuta, akafungua ya pili, akatafuta. Akasema, "Mama, hapa kuna chumba cha mhudumu."

Basi hukumwambia wewe. Mimi pia sikumwambia, naapa kwa kaburi la Baba. Ni Mama Mdogo mwenyewe aliyemwambia. Alikuwa amesimama palepale mlangoni ameinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyefanya kosa.

Nina hasira na wewe bado, usije ukadhani. Ungekubali tangu mwanzo tusingefika hapa. Lakini usiku sikulala, na si kwa ajili yako.

Lori lako limerudi. Mama hazungumzi na mimi. Nilimwita, akauliza, "Huyo ni nani?" na sauti yangu anaijua.

Breki


9 Aprili

Kwa binti yangu na kwa mwanangu,

Salamu sina.

Hii naisema na mdogo wangu anaandika. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyonitoka, na akimaliza nitamwambia anisomee mara mbili, na nitamwita mke wa fundi cherehani naye anisomee, nione kama zinalingana. Tumefika huko.

Mimi sioni, lakini si zezeta. Mmenijengea nyumba mbili. Watu wa mtaa wananipongeza kwa kejeli, nami nawajibu asanteni. Nyumba mbili, vyumba vimejaa watu. Kuna cha mgeni, kuna cha mhudumu, kuna cha mke wa mtu. Mtu mmoja tu hana mlango, naye ndiye aliyewaogesha ninyi wawili mlipokuwa na surua, kwa maji ya uvuguvugu, kila saa, kwa sababu mimi nilikuwa zamu kazini. Mlisahauje? Nauliza kweli, nataka kujua mtu anasahauje kitu kama hicho. Au hamkusahau?

Mmoja ataniambia nilikuwa na nia njema. Mwingine ataniambia ni mwenzake. Nimewasikia mkisema hivyo tangu mlipokuwa mnavunja vikombe. Sitaki kusikia tena.

Sasa habari ya mjenzi, mliyoipigania kama fisi. Nimechagua mimi. Bwana wa Kampuni nilimuuliza kama anaweza kuongeza chumba, akasema mpaka mteja atie saini, na mteja si mimi. Nikamwambia arudishe mzigo wake kwa mteja. Fundi nimemchukua, na Breki usichekelee, sikumchukua kwa sababu yako wala kwa maji yako uliyomwaga. Nimemchukua kwa sababu nilipokwama ukutani, watu wote wamesimama kama nguzo, yeye alizima mashine akaniuliza natafuta nini. Wanangu hamjaniuliza hivyo tangu jambo hili lianze. Mliniuliza kama nimekubali.

Jana alikuja akakaa na sisi, chai ikapoa akiwa anauliza. Kuongeza ukuta hawezi bila kuanza upya, kupunguza anaweza. Nikamwambia apunguze. Kile chumba cha upande wa asubuhi chenye madirisha mawili ni cha mdogo wangu. Kile cha watoto kinafunguliwa, kuta zake zinarudi karakana, na hapo patakuwa baraza, tukae. Breki, huhamii. Tafuta pa kuhamia na mkeo, na umwombe radhi, nimesikia unamfokea. Wajukuu zangu wakija watalala na mimi. Mkubwa, wewe ukija, hodi unapiga nje kama watu wengine, na kama hapana nafasi utaambiwa hapana nafasi.

Na wewe unayeandika. Andika na hili, usiruke. Umenidanganya. Ulinishika kiganja ukanichorea chumba ambacho hakipo, na mimi nikakuamini kwa sababu sina macho mengine. Nina hasira na wewe kuliko na hawa, maana hawa ni watoto na wewe ni dada yangu. Andika. Ameacha kuandika, nasikia kalamu imenyamaza. Nimemwambia alie akimaliza.

Mama yenu


Haya yaliyo chini ni yangu, nimeyaongeza mke wa fundi cherehani alipomaliza kusoma, na kwa dada yangu haya sitayasoma.

Mchoro wa kwanza ulipofika nilidhani ni kosa la mchoraji. Wa pili ulipofika nikaelewa. Dada yangu alikuwa amenipa kiganja, amekaa anasubiri, akaniuliza na changu kiko wapi, nami neno likanitoka lenyewe. Msidhani nilikuwa nawasitiri. Niliona aibu. Niliona aibu kumwambia watoto wake wamekuwa watu wa namna gani. Nilitaka ahamie kwanza, azoee, halafu mimi ningesema nimechoka kelele za mjini nikajiondokea, asijue kitu.

Kwa mtoto wa mjomba hawajawahi kuniita. Ninyi ndio mliowaomba. Wamenipigia simu wananiuliza nina ugonjwa gani mpaka nafukuzwa.

Nina hasira, mwandiko mnauona. Nimekaa siku hizi tatu nikitafuta kinachoniuma zaidi, nikafikiri ni chumba, kumbe si chumba. Chumba nitalala, kimeshakuwa changu, na atakayenitoa aje na lori. Kinachoniuma ni zile barua mbili mlizomwandikia mama yenu. Mnajua haoni. Mnajua kila neno mnalomwandikia lazima lipite kwanza mbele ya macho yangu, na ndivyo lilivyopita miaka yote hii. Mkaandika waziwazi, kwa mwandiko mzuri, nipelekwe wapi. Nikasoma yote yale na mama yenu akiwa kando yangu anauliza, "Wanasemaje?"

Laiti mngenificha. Hamkukumbuka hata kunificha.

Mama yenu Mdogo